Masanduku Manane Yaliyobaki Matupu

Kijana akinijia kuuliza gunia moja la mboji litajaza masanduku mangapi ya maua, mimi humuuliza kwanza hilo gunia limejazwa na nani. Wananicheka. Wananiona mwanamke mzee asiyeamini hata kivuli chake, na hawajakosea sana. Nimefanya kazi ya vitalu Kitale kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda huo wote sikupenda kununua kitu kilichopimwa nikiwa sipo. Nikipewa gunia nalibinya, nalinusa, nalinyanyua upande mmoja nisikie kama ni mboji au ni mchanga. Nikipewa namba naigeuzageuza kama shati la mtumba, natafuta tundu liko wapi.

Kwa hiyo msitegemee nitawaambia kwamba kushuku watu ni vibaya. Katika kazi hii utauziwa samadi mbichi ukiambiwa imeoza miezi sita. Utauziwa udongo mweusi wa mtoni ukiambiwa ni mboji. Shuku, vijana wangu, shuku sana. Ila kuna siku nilishuku vibaya, na dereva mmoja alibaki kidogo tu afukuzwe kazi kwa ajili yangu, na mtu huyo hakuwa amechukua hata konzi moja. Kila mwaka ninaposikia mtu akigawanya futi kwa madebe, namkumbuka.

Kitalu chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Saboti. Mwenyewe alikuwa Mama Njoki, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakanunua shamba Trans-Nzoia. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na kwa mashaka alinishinda mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika kwake miaka ya themanini ikianza, msichana wa kupalilia kutoka Kapsokwony, sijui hata tofauti ya mboji na samadi. Alinichukua hadi kwenye marundo yetu marefu ya mabua ya mahindi, majani ya ngano na samadi, akachota mboji iliyoiva akaifinya mkononi mbele yangu.

"Ikitoa maji, bado. Ikimwagika kama vumbi, imekauka. Ikishikana halafu ukiigusa inaachana, hiyo ndiyo yenyewe," aliniambia. "Na usiniamini mimi. Finya mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Na alikuwa na neno lake moja alilorudia kila mara kitu kilipopotea, iwe ni jembe au mfuko wa mbegu: "Namba na mtu wakikosana, Chemutai, wewe shika mtu." Nililimeza neno hilo lote bila kutafuna.

Kosa langu la kwanza halikuwa la kumshika mtu. Kanisa moja la upande wa Saboti lilitaka masanduku sita ya maua mbele ya mlango, na mimi, kwa kutaka kusifiwa, niliyajaza mboji tupu. Niliona kama kitu ni kizuri, basi kingi ni kizuri zaidi. Maua yakawa ya manjano kabla hayajashika, na baada ya mvua mbili tatu mboji ikazama hadi nusu ya sanduku. Waumini wakawa wanaweka miavuli yao humo. Mama Njoki aliniambia niende niombe msamaha mwenyewe, na tangu siku hiyo nikashika kanuni ambayo nawapa bure: theluthi moja mboji, theluthi mbili udongo mzuri. Usizidishe kwa kutaka sifa.

Nilipokwisha kuonekana nimeshika kanuni, Mama Njoki akanifanya mpimaji wa kitalu. Sikupalilia tena. Nilipewa futi ya mbao, kalamu na kiti. Msinicheke, lakini kile kiti nilikipenda sana, na nilikuwa tayari kukitetea kwa meno.

Ndipo ikaja kazi ya Bungoma. Hoteli mpya ilikuwa inajengwa huko, na mwenyewe alitaka masanduku arobaini ya zege yapangwe kuzunguka ua, yote yenye maua. Udongo wangechimba palepale. Mboji ingetoka kwetu. Fundi alituletea sanduku moja Kitale ili tulipime, na hapo ndipo nikaonyesha ujuzi. Mtu mvivu hupima sanduku kwa nje, akasahau kwamba ukuta wa zege una unene wake. Mimi nilipima ndani. Halafu, kwa sababu siamini futi peke yake, nilichukua debe nikalijaza lile sanduku mwenyewe, nikimimina taratibu. Lilimeza madebe kumi na mawili, nikaacha vidole vitatu juu ili maji yasimwagike. Manne ya mboji, manane ya udongo. Masanduku arobaini mara madebe manne: madebe mia moja na sitini. Niliirudia ile hesabu mara tatu na kila mara ilitoka vilevile. Nilifurahi, jamani.

Siku ya kupakia nilisimama kando ya lori nikihesabu kila debe kwa sauti. Mia na sitini yalipoingia, mboji ilikuwa imefika sawasawa na ukingo wa mbao za lori. Nikapitisha ubao juu yake, ikalala sawa kama meza.

Dereva wetu alikuwa Barasa, mtu wa Myanga, upande wa pili wa mji wa Bungoma. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mpole, mwenye kofia ya sufi hata juani. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mitatu na sikuwahi kumsikia akiinua sauti. Aliondoka asubuhi, na baada ya siku tatu alirudi na karatasi iliyokunjwa kutoka kwa msimamizi wa kule. Alinipa kwa mkono wake mwenyewe.

Karatasi ilisema mambo mawili. La kwanza, lori lilifika likiwa limepungua shubiri nzima kutoka ukingoni. La pili, masanduku thelathini na mawili yamejaa, manane ni matupu, na mboji imekwisha.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamtazama Barasa, ambaye alikuwa anakunywa maji bombani bila wasiwasi.

"Barasa, mboji imepungua njiani."

"Imekaa tu, mama," akasema akijifuta mdomo. "Barabara ndiyo inashindilia. Mzigo yote inakaaga hivyo."

"Na masanduku manane?"

"Hiyo sasa mimi sijui. Mimi kazi yangu ni rori."

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojikwaa. Yule mtu aliniambia ukweli wote kwa maneno machache, akiwa amesimama karibu nami, na mimi nikasikia maneno ya mwizi. Nilijua hesabu yangu haina tundu. Nilikuwa nimeipima ndani, nimeimimina, nimeihesabu kwa sauti. Kama hesabu ni nzima na mboji haipo, basi kuna mtu. Na mtu aliyekuwa na ile mboji peke yake, njia nzima, alikuwa mmoja.

Ukishaanza kumshuku mtu, kila kitu chake kinakuja kutoa ushahidi. Nilikumbuka kwamba alichelewa kurudi. Nilikumbuka aliwahi kujisifu jinsi sukuma wiki ya mkewe inavyonawiri. Hata upole wake ukanitia shaka, maana mtu asiyegombana na yeyote anaficha nini?

Jumapili nikapanda gari hadi Bungoma, nikaunganisha hadi Myanga. Nilijua Barasa atakuwa kanisani. Nilimkuta mkewe, Mama Nafula, akimenya njugu kwenye mkeka. Nikamdanganya kwamba natafuta mbegu ya njugu karanga, na kwa kuwa nafanya kazi na mzee wake nimeona nipite nisalimie. Yule mama alifurahi hadi nikaona haya, lakini haya ile niliikanyaga. Alinipa kiti, akanipa njugu za kuchemsha kwenye bakuli, na sukuma wiki nikaiona kwa macho yangu nyuma ya nyumba: majani mapana, ya kijani ya kuingia weusi. Kando yake kulikuwa na rundo limefunikwa kwa majani ya ndizi.

"Haya maganda nitupe wapi?" nikauliza, kiganja kimejaa maganda ya njugu.

"Tupa tu hapo kwa mbolea, mwenzangu. Hiyo yote inaoza."

Nikaenda kwenye rundo, nikainua majani ya ndizi. Chini yake mboji nyeusi, laini, iliyoiva. Nilitupa maganda yangu, na Mama Nafula alipoingia jikoni nikachota konzi moja kutoka katikati, nikaifunga kwenye gazeti na kuitia kwenye kikapu. Nilifurahi kumpata mwizi. Aliponisindikiza alinipa mfuko wa mbegu, akakataa malipo.

Jumatatu nikamwekea Mama Njoki ule mfuko wa gazeti mezani. Aliufungua kidogo, akanusa, akaufunga.

"Ni yetu," akasema.

"Ni yetu," nikaitikia.

Hakuna kati yetu aliyeufungua wote. Sisi, wawili tusioamini mtu, tuliamini pua.

Mama Njoki hakuwa na dereva mwingine, na Bungoma walikuwa wanapiga kelele kuhusu masanduku yao. Akaamua Barasa apeleke mzigo wa pili, madebe mengine, lori lijae tena hadi ukingoni ili lolote litakalopungua lionekane. Yatakayobaki yangetumika kuongezea maua yakikua. Mimi ningekaa juu ya mzigo. Kama ungepungua, Barasa angerudi na kumkabidhi Mama Njoki funguo za lori siku hiyohiyo. Nilijua ana watoto watano. Nilijua, na nikasema sawa.

Nilitayarisha ufito mrefu, nikauchomeka katikati ya mboji hadi ugonge sakafu ya lori, nikakata alama kwa kisu pale mboji ilipoishia. Kutoka kwenye usukani, Barasa alinitazama nikipanda.

"Panda mbele, mama. Huko juu ni vumbi mingi."

"Napenda upepo," nikasema.

Nadhani alikuwa ameshaelewa, kwa sababu alishuka, akazunguka lori lote taratibu, akajaribu kila komeo la nyuma mbele yangu, halafu ndipo akawasha.

Barabara ya siku zile ilikuwa na mashimo ya kuzika mbuzi. Nilirushwa, nikakaa, nikarushwa tena. Nilishika ufito wangu kwa mkono mmoja na mbao kwa mkono mwingine, macho yakiwa nyuma ya lori kuangalia kama kuna kinachomwagika. Tulipita Kiminini bila kusimama. Tulipofika Kamukuywa Barasa akaegesha sokoni ili anywe chai, akanunua na kikombe cha pili akaniletea huko juu. Nilikipokea. Nilipoinama kukiweka chini nikaiona alama yangu. Ilikuwa imesimama hewani. Kati yake na mboji vidole vinne vilipita.

Nikaona nimempata. Lakini vipi? Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nikashuka, nikapiga magoti chini ya lori kutafuta tundu, watu wa soko wakinitazama. Hakukuwa na tundu wala punje moja ya mboji barabarani. Nikainuka na vumbi magotini, nimechanganyikiwa kabisa.

Hatua chache kutoka hapo, mama mmoja alikuwa anapimia mteja maharagwe kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Alilijaza hadi juu kwa mkono mwepisi, yakasimama kama kilima. Mteja akakataa.

"Si utikise kwanza, mama! Unanijazia hewa?"

Yule mama akacheka, akaligonga gorogoro chini mara mbili, tatu. Kilima kikazama. Maharagwe yakashuka chini ya mdomo wa kopo, na ikabidi aongeze konzi mbili.

Mimi nimezaliwa na muuza maharagwe. Soko la Kapsokwony nimekaa na mama yangu tangu nikiwa na meno ya maziwa, na kazi yangu ilikuwa kujaza gorogoro kwa wepesi ili lionekane limejaa, nikiomba mteja asiseme tikisa. Kwa maharagwe nilijua hivyo tangu utotoni. Kwa mboji sikuwahi kufikiria, kwa sababu mboji nilikuwa nimeipimia kwenye kiti changu, kwa futi na kalamu, nikaona nimetoka huko kwa kina mama wa sokoni.

Lori lilikuwa gorogoro, na barabara ilikuwa inatikisa. Hakuna kilichoibwa. Hewa ndiyo iliyotoka.

Tulipofika Bungoma nilimwomba msimamizi anionyeshe wanavyojaza sanduku. Vibarua wawili walimimina, wakakanyaga kwa miguu, wakamwaga maji, wakamimina tena, wakakanyaga. Nikahesabu. Kumi na tano. Mimi Kitale nilimimina kumi na mawili taratibu, nikaondoka. Wao walitumia matano ya mboji na kumi ya udongo, na udongo hakuna aliyeuhesabu kwa kuwa ulikuwa wa kuchimba tu. Madebe mia na sitini, ukiyagawanya matano matano, yanajaza masanduku thelathini na mawili. Manane yanabaki matupu. Barua ya msimamizi ilikuwa imenieleza kosa langu kwa namba kamili, na mimi nikaenda kulitafuta Myanga.

Sasa shikeni hili, kwa sababu ndilo mlilokuja kutafuta: jaza sanduku moja kabisa, udongo na mboji vikiwa vimechanganywa. Kanyaga kidogo, si kwa hasira, mizizi nayo inataka kupumua. Mwagia maji. Liache hadi kesho. Jaza tena palipozama. Sasa ndipo uhesabu umetumia madebe mangapi, ndipo uzidishe kwa masanduku yako. Na kama huna muda wa kungoja hadi kesho, basi kwa kila madebe manne ya kumimina ongeza moja, usilete hadithi.

Kurudi Kitale nilikaa mbele. Tulipopita Kamukuywa nikamwambia Barasa yote. Nilimwambia kuhusu ufito, kuhusu funguo, na kuhusu Myanga. Hapo kwa Myanga alipunguza mwendo.

"Ulienda kwangu?"

"Nilienda."

"Mama Nafula aliniambia kuna mama wa kazini amekuja kusalimia. Alifurahi sana. Ati hakuna mtu wa Kitale amewahi kuja." Akaendesha kidogo. "Alikupatia njugu?"

"Alinipatia."

Akabadilisha gia, akaendelea kuendesha. Heri angenitukana.

Niliingia kwa Mama Njoki na Barasa nyuma yangu, nikamwambia hesabu ilikuwa yangu na kosa ni langu, kama ni kiti akichukue. Aliniangalia, akamwangalia Barasa, na bado akanyoosha mkono kwenye rafu akashusha ule mfuko wa gazeti.

"Na hii je?"

Nikaufungua wote kwa mara ya kwanza, nikaumwaga mezani. Katikati ya ile mboji nyeusi kulikuwa na vipande vya maganda ya njugu, vingi, vya zamani, vimeanza kuoza. Marundo yetu ya Kitale yalikuwa ya mabua na ngano. Hayakuwahi kuona ganda la njugu. Nilikuwa nimesimama mbele ya rundo la yule mama, maganda mkononi, nikayatupa humo kwa mkono wangu, nikachota ushahidi wa kumwokoa mumewe na kuuleta kama ushahidi wa kumfunga.

Mama Njoki alikusanya ile mboji kwa kiganja, akairudisha kwenye gazeti polepole. Kiti hakukichukua. Alisema tu, "Barasa, utusamehe," na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mwingine neno hilo.

Barasa alikaa nasi miaka mingine kumi, hadi katikati ya miaka ya tisini. Hatukugombana. Lakini hakuondoa lori langoni hata siku moja kabla ya kuniita. "Chemutai, kuja upime." Mvua inyeshe, jua liwake, hata kama amebeba miche tu isiyopungua njiani. Nilikuwa nikipanda, nikichomeka ufito, nikikata alama, nikishuka, naye akinishukuru kwa adabu na kuwasha. Nilimwambia mara nyingi haina haja. "Pima tu, mama," alikuwa akinijibu. Kwa miaka kumi nilipanda lile lori kila lilipotoka, na nilistahili.

Siku aliyostaafu alileta gunia kutoka Myanga, mzigo wake wa mwisho, akaliteremsha mlangoni pangu. Mboji ya Mama Nafula, ya masanduku yangu ya nyumbani. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Tikisa kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona anatabasamu. "Uone kama imejaa."

Nililipokea kwa mikono miwili, nikaliingiza ndani vile lilivyokuwa. Sikulitikisa.